Nchi Mbili Mpya na Shamba la Kezironi

Jumatatu, 18 Septemba 2006

Asubuhi karani wa ofisi ya makazi ameniita. Nilidhani ni habari ya kadi zetu, kumbe ni kazi. Mwezi wa kumi na moja itakuja Rwekubo tume ya watu kutoka nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Tanzania na Uganda hii tunayokaa. Wanataka kuwauliza wananchi kama Rwanda na Burundi zikubaliwe kuingia. Kiongozi wa tume ni mama wa Tanzania, anataka kusikia kila kitu kwa Kiswahili, na wananchi wa huku watasema Kinyankore. Wametafuta mtu wa kutafsiri, wakaambiwa kuna mwalimu mmoja Mkongomani ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ndiyo mimi, Orpa.

Nilifundisha miaka tisa huko Baraka, Kivu ya Kusini, kabla vita havijatuondoa. Kinyankore nimekiokota shambani na sokoni. Lakini miaka mitano ya ukimbizi imekula Kiswahili changu cha vitabu. Siku hizi nasema "fasi" badala ya mahali na "mingi" badala ya nyingi, kama kila mtu. Kwa hiyo nimenunua daftari hili. Nitaandika kidogo kidogo mpaka siku ya tume, ulimi urudi mahali pake.

Mume wangu Gervais amesoma hapa juu ya bega langu, akacheka: "Unajiandikia mutihani?"

Ndiyo, najiandikia mtihani.

Jumanne, 19 Septemba

Mvua ya kweli. Tumeanza kupanda maharage kule Ngarama.

Niandike habari ya shamba hilo. Kiwanja tulichopewa ndani ya makazi ni kidogo na kina mawe. Shamba linalotulisha liko nje ya mpaka wa makazi, kwenye ardhi ya Mzee Kezironi, mwananchi, askari aliyestaafu. Sisi tunamwita Afande. Miaka mitatu iliyopita Gervais alimjengea zizi la ng'ombe, likamfurahisha, akatuambia tulime kipande cha mteremko. Tukivuna, fungu moja katika matatu ni lake. Hatukuandikiana kitu.

Jumatano, 27 Septemba

Tumemaliza kupanda. Mgongo.

Jumanne, 3 Oktoba

Maharage yametoka. Medius, mke wa Afande, amekuja mpaka kwenye mstari wangu na kikapu cha ndizi. Alikaa akang'oa magugu pamoja nami bila kuombwa. Amesema mwanawe Arthur, ambaye ni askari katika kambi ya jeshi ya Mbarara, hajaja nyumbani tangu Juni. Anapenda kusema nami kwa sababu, anasema, Kinyankore changu kinamchekesha.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya kanisa watu wote walikuwa wanaongea Jumuiya. Jirani yetu Mukashema ni Mnyarwanda. Mlango wake unatazamana na wetu. Ameniuliza nchi yake ikikubaliwa, yeye itakuwaje. Watu wamemwambia nchi iliyo ndani ya Jumuiya haiwezi kuwa na wakimbizi, kwa hiyo watarudishwa wote kwa malori. Nikamwambia sijaona mahali palipoandikwa hivyo.

"Inchi yangu inaingia," akasema, "na miye niko inje yake. Sasa miye naingia wapi?"

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Nimeliandika swali lake lilivyo.

Jumatano, 11 Oktoba

Palizi. Hakuna habari.

Jumamosi, 14 Oktoba

Afande amekuja shambani na fimbo yake. Hakusalimia. Alitembea mstari kwa mstari kama mtu anayekagua gwaride, kisha akasimama mbele yangu. Kiswahili chake ni cha jeshini, na akiwa na jambo zito anaacha Kinyankore na kukitumia hicho. Huniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Parfait, wewe iko mwalimu. Eleza mimi. Rwanda naingia. Burundi naingia. Kesho Kongo naingia. Sasa mtu ya Kongo kama nalima hapa, hii shamba natakuwa ya nani?"

"Ya kwako, Afande."

"Wewe nasema. Mkataba nasema nini?"

"Mkataba sijausoma."

"Basi wewe hapana jua. Na mimi hapana jua. Sisi wawili tunasimama juu ya kitu hapana jua."

Akaondoka. Kumbe kule Rwekubo kuna maneno yanazunguka madukani: ati Jumuiya ikipanuka, mgeni aliyelima mahali misimu mitano hawezi kuondolewa. Sisi huu ni wa sita.

Gervais amesema niache kazi ya tume, itatuletea shida. Nimekataa. Ni mara ya kwanza tangu Baraka mtu ananiita mwalimu kwa ajili ya kitu ninachokijua.

Jumamosi, 21 Oktoba, Mbarara

Nimekuja kwa ajili ya maelekezo ya siku moja. Nimelala kwa mdogo wangu Chantal, hapa Nyamityobora, anakouza vitenge.

Mama wa Tanzania ni mfupi, mwenye miwani, sauti ya pole. Ametupa maneno ya kujua: uanachama, ushuru wa forodha, itifaki, masharti ya kujiunga. Nilikuwa nayajua yote isipokuwa itifaki. Akasema jambo moja nimeona niliandike: "Mkalimani hana ndugu wala adui. Kilichoingia sikioni ndicho kitoke mdomoni, hata kama ni matusi kwa mama yake."

Chantal anataka nchi zote ziingie, hata kesho. Mipaka imemchosha. "Kila bariere banafungua mizigo yangu, banashika-shika vitambaa na mikono ya mafuta," anasema. Nikamuuliza Kongo itaingia lini. Akapiga ulimi.

"Kongo? Kwanza bamalize kupiga kura."

Jumapili, 29 Oktoba

Kwetu wanapiga kura, duru ya pili. Gervais ameshinda na redio sikioni. Huku mvua tangu asubuhi. Maharage yametoa maua meupe.

Alhamisi, 2 Novemba

Medius amekuja bila kikapu. Alikuwa ameambiwa asije, nadhani. Alisema haraka haraka: mume wake ameamua. Anataka kufunga shamba kabla hatujavuna, ili msimu huu usihesabiwe. Anafikiri kuvuna ndiko kunakompa mtu haki.

"Nimemwambia ni dhambi," Medius akasema. "Ameniambia dhambi ni kuwaachia watoto wake kesi."

Maganda yameanza kujaza. Nimerudi nyumbani nikapika sombe, yaani kisamvu, nikaiunguza. Zamani nilimwona Afande kama baba mkali lakini wa haki. Leo nimemwona kama mtu wa kawaida mwenye ardhi. Wenye ardhi wote ni hivyo.

Jumatatu, 6 Novemba

Hajafunga. Hajasema pia. Tunalima huku tunatazama njia.

Ijumaa, 10 Novemba

Bado hajafunga.

Jumanne, 14 Novemba

Leo ilikuwa siku ya tume. Nitaandika yote kabla sijaanza kujidanganya.

Walikaa chini ya turubai karibu na soko la Rwekubo, meza tatu, vitambaa vya kijani. Wananchi labda mia mbili kwenye viti na nyasi. Wakimbizi tuliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba, kusikiliza tu. Mimi peke yangu nilikuwa upande wa ndani, kati ya mama wa Tanzania na kiti cha wasemaji.

Wa kwanza walikuwa wafanyabiashara. Waingie, wakasema, tuuze matoke mpaka Bujumbura. Mwalimu mmoja akasema tungoje kwanza, hata sisi watatu hatujazoeana. Mwanamke mmoja akauliza kama Burundi wakiingia watakuja na vita vyao. Nilitafsiri vizuri. Maneno yalikuja yenyewe. Nilijisikia nimesimama tena mbele ya ubao.

Kisha akaja Afande. Alikuwa amevaa koti, na nishani mbili kifuani. Akasema Kinyankore, polepole, akitazama meza wala si mimi. Alisema hivi:

"Nimekuwa askari miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa mipaka. Najua kuwa mpaka ukishaufungua, huufungi tena kwa maneno. Leo ni Rwanda na Burundi. Kesho ni Kongo, na hao ni wengi kuliko sisi sote. Nina shamba Ngarama. Anayelilima ni mwanamke huyu huyu anayewatafsiria. Ni mtu mzuri. Lakini mgeni mzuri ndiye mgumu kumtoa. Mbaya unamfukuza na majirani wanakusaidia. Mzuri unamfukuzaje? Kwa hiyo nasema wasiingie."

Watu walinitazama. Nyuma ya kamba niliiona kofia ya Gervais. Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka: "Mzee anasema alikuwa askari wa mipaka. Ana hofu juu ya ardhi yake nchi mpya zikiingia, ingawa anasema wageni wanaolima kwake ni watu wazuri."

Sikupanga. Ulimi ulipita pembeni kama mtu anayekwepa tope.

Afande akainua fimbo.

"Hapana! Mimi hapana sema hivyo." Sasa alisema kwa Kiswahili chake, kwa nguvu, kila mtu akasikia. "Huyu mama nakata maneno yangu mkia. Mimi nasema mgeni mzuri iko ngumu kutoa. Hiyo ndiyo neno. Sema hiyo!"

Watu wakacheka. Mama wa Tanzania hakucheka. Alivua miwani, akanitazama.

"Mkalimani, rudia tafadhali. Yote."

Nikarudia. Miaka ishirini na miwili. Mpaka usiofungika kwa maneno. Kongo walio wengi. Mwanamke huyu huyu anayewatafsiria. Nilisema "mwanamke huyu huyu" huku ni mimi. Sauti ilishikilia vizuri mpaka neno "kumtoa". Hapo ikakatika kidogo, nikalisema mara ya pili, likatoka zima.

Mama wa Tanzania akamgeukia Afande, nami nikaendelea kutafsiri kwenda na kurudi.

"Mzee, mama huyu amewahi kudai ardhi yako?"

"Hapana."

"Amewahi kukunyima fungu lako?"

"Hapana. Huleta kabla ya kula lake."

"Sasa hofu inatoka wapi?"

"Inatoka kwenye karatasi," Afande akasema. "Wakubwa wataandika karatasi huko Arusha. Ardhi yangu iko ndani ya karatasi hiyo, au iko nje? Niambie, niende nyumbani."

Mama akavaa miwani yake tena. "Mambo ya ardhi bado hayajakubaliwa, mzee. Siwezi kukuahidi kitu ambacho hakijaandikwa."

Afande akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea, akarudi mahali pake.

Mwishoni mama wa Tanzania akaniuliza, "Na wewe, una maoni gani?" Kabla sijajibu, bwana mmoja wa meza ya pili akasema mimi si mwananchi, maoni yangu hayaandikwi. Alisema bila ubaya. Ni kweli. Nikasema sina.

Walipokuwa wanakunja vitambaa nilimfuata yule mama, nikamwambia nilikosa, nilikata maneno ya mtu. Akasema, "Ulirudia. Wengi hukasirika, hawarudii." Akanipa mkono.

Gervais alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema neno moja tu: "Sasa?"

Jumatano, 15 Novemba

Nimekwenda kwa Afande asubuhi, peke yangu. Alikuwa anasafisha hori la ng'ombe. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa maneno ya jana.

"Kiswahili mimi nafundishwa na Watanzania," akasema, "mwaka sabini na tisa, wakati ya vita. Hapana mtu naweza kunidanganya kwa Kiswahili."

"Sikutaka kukudanganya, Afande. Nilikuwa na aibu."

"Aibu ya nani?"

Nikafikiri. "Yangu. Ulisema neno la kweli."

Hapo akaacha kazi. Akageukia Kinyankore, na Kinyankore chake si cha amri hata kidogo. Akasema baba yake alikuwa na mbuga nzima, akaigawa kwa neno la mdomo kwa rafiki wawili, na alipokufa wana wa rafiki hao wakasema ni yao. Kesi ilidumu miaka kumi na moja. Kilichobaki ni ule mteremko ninaoulima na hapa zizini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hayo, hata Medius.

"Mimi sikuchukii," akasema. "Vuna maharage yako. Lakini ukitaka kulima tena, niletee karatasi. Andika kwamba ardhi si yako. Weka jina."

Jana nilidhani ni mtu anayependa ardhi kuliko watu. Leo sijui. Ni mtu aliyewahi kupoteza, kama mimi, isipokuwa yeye alipoteza akiwa nyumbani kwake.

Alhamisi, 16 Novemba

Gervais anasema tutie sahihi leo leo. "Tuko bakimbizi, hatuna fasi ingine. Karatasi itatuua?"

Nimesema nitaandika, lakini si hiyo ya upande mmoja. Tunalala tumekasirikiana.

Ijumaa, 24 Novemba

Maganda yanaanza kukauka. Jua zuri.

Alhamisi, 30 Novemba

Redio jioni: wakuu wa nchi wamekutana Arusha, wamezikubali Rwanda na Burundi. Wataingia rasmi mwaka kesho. Kwa Warundi upande wa pili wa barabara wamepiga vigelegele kidogo, kisha wakanyamaza, kama watu waliokumbuka kuwa bado wako Nakivale.

Nilivuka kwenda kwa Mukashema. Alikuwa anachagua dagaa kwenye ungo.

"Malori yamekuja?" akaniuliza.

"Hakuna lori."

"Ni vizuri," akasema, akaendelea kuchagua. Alinipa kiti. Tulikaa mpaka dagaa wakaisha.

Jumatano, 6 Desemba

Tulianza kung'oa maharage jana. Yalikuwa yamelala shambani kwa mafungu, tukangoja jua la leo liyamalize. Saa nane mchana mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, meusi kabisa. Maharage yakilowa hivyo yanaota ndani ya ganda, na msimu umekwisha. Nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu.

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu, ya Afande. Nilisimama nimebeba fungu, nikawaza: nikiyaingiza kwake atasema nimeanza kuingia na ndani. Gervais akanipigia kelele, "Orpa, unangoja nini?" Na kabla sijajibu nikamwona Medius anashuka mbio na turubai, na nyuma yake Afande, bila fimbo, ameshika machela aliyoifanya kwa miti miwili na gunia.

"Beba! Beba!" anasema. "Nyinyi natazama mawingu kama picha!"

Tulipanda na kushuka mara saba. Mzigo wa mwisho ulilowa, mingine yote ilifika. Zizi halikutosha kwa sababu ya ng'ombe, kwa hiyo Afande mwenyewe akatoa viti na meza sebuleni, tukamwaga maharage sakafuni, mpaka chini ya picha yake ya jeshi. Mvua ikapiga mabati hata hatukusikiana. Tulikaa wanne ukutani, miguu juu ya maharage, tukanywa uji. Hakuna aliyetaja karatasi.

Jumamosi, 9 Desemba

Tumepiga, tumepepeta. Fungu lake tumelipimia pale pale sebuleni. Medius anasema watazikuta mbegu ndani ya viti mpaka Pasaka.

Jumanne, 12 Desemba

Nimeandika karatasi. Nainakili hapa.

Kwanza: Shamba la mteremko wa Ngarama ni la Mzee Kezironi. Orpa na Gervais wanalima tu. Hawatalidai, wao wala watoto wao, nchi yoyote ikiingia Jumuiya au isipoingia.

Pili: Mzee Kezironi hatawaondoa mbegu zikiwa ardhini. Akitaka shamba lake, atasema kabla ya kupanda.

Nimempelekea. Alisoma la kwanza akaitikia. Akasoma la pili, akalisoma tena.

"Wewe napa mimi amri?"

"Hapana, Afande. Wewe uliogopa kuondolewa na sisi. Mimi mwezi mzima niliogopa kuondolewa na wewe. Kila mmoja ameandikiwa hofu yake."

"Shamba ni yangu."

"Ndivyo namba moja inavyosema."

Akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Atakwenda Mbarara kambini, Arthur aisome. Gervais anasema nimeharibu, tungekuwa na shamba leo. Pengine. Lakini nilitafsiri maneno ya watu wote Rwekubo, nikaambiwa yangu hayaandikwi. Haya nimeyaandika.

Ijumaa, 15 Desemba

Hajarudi. Gervais ameanza kuulizia shamba kwingine.

Jumapili, 17 Desemba

Tulitoka kanisani tukamkuta amekaa mlangoni petu kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ni mara ya kwanza Afande amefika ndani ya makazi. Watoto wa Mukashema walikuwa wamemzunguka wanatazama nishani.

Amenipa karatasi. Chini ya namba mbili ameandika jina lake lote, na pembeni namba yake ya jeshi. Arthur ametia sahihi kama shahidi. Ila kati ya namba mbili na majina kulikuwa na mstari mpya, wino mwingine, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi. Unasema hivi:

TATU: KONGO IKIINGIYA TUTAKAA CHINI TENA TUONGEYE.

"Arthur nasema hiyo hapana lazima," akasema. "Mimi nasema ni lazima. Mkataba ya kweli naacha mlango."

Gervais alisoma, akauliza itakuwa lini, hiyo ya Kongo. Nikamwambia sijui, hata Arusha hawajui. Nikaomba kalamu, nikaandika jina langu, naye akaandika lake.

Afande alikunywa chai, akala mihogo miwili. Alipoondoka akasema upande wa chini wa mteremko, ule wenye visiki, haujalimwa tangu enzi za baba yake. Kesho tunakwenda na mashoka.